Mbegu usiyoijua usiitie majini



Baada ya mkutano wetu mmoja, mama mmoja alinivuta pembeni akaniwekea mkononi pakiti ndogo ya plastiki. "Yaya, wewe unayejua majani, nisaidie," akasema. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi, ndogo kuliko ufuta. Shemeji yake alizileta kutoka Kinshasa. Juu ya pakiti kulikuwa na picha ya chombo cha kioo chenye samaki wekundu, na chini yao majani mabichi yametandikwa kama mkeka. Hapakuwa na jina la mmea wala la aliyeziuza.

Mtoto wake wa miaka 11 amejitengenezea akwariamu. Ameunganisha vioo vya dirisha kwa gundi, ametia mchanga uliooshwa na maji ya mvua, na ndani wanaogelea samaki wadogo sita aliowavua kwa kipande cha chandarua kibovu. Mama alikuwa na maswali mawili. La kwanza: hizi ni mbegu za nini? La pili: mtoto anataka kushuka kijitoni kutafuta majani ya kuweka ndani, nimruhusu?

Amenipa ruhusa nijibu hapa, maana si yeye peke yake. Nyumba nyingi za Masako siku hizi zina chupa au bidoni iliyokatwa yenye samaki wa watoto. Mimi siwakatazi. Mtoto anayemchunga samaki anajifunza kuamka mapema na kufanya kazi bila kusukumwa. Lakini kuna mambo matatu ambayo mama lazima ayajue kwanza, na moja nililijifunza kwa uchungu.

Tuanze na pakiti. Niligawa mbegu mara mbili. Kumi nilizitia katika glasi yenye udongo wa mtoni na maji ya kina cha vidole vinne. Kumi nilizipanda katika kopo lenye udongo wa bustani, nikawa naunyunyizia maji. Hiyo ndiyo njia ya kuuliza mbegu jina lake wakati pakiti imenyamaza.

Saa chache hazikupita, zile za glasi zikavimba na kuvaa ute, kama mayai ya chura. Siku ya tatu zikaota pande zote mbili, na yule mtoto alipoona glasi alipiga makofi. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu." Siku ya kumi na mbili mimea ya glasi ilikuwa imelegea, imegeuka rangi ya kahawa, na maji yamekuwa meupe yenye harufu mbaya. Ya kopo ilikuwa imesimama vizuri, na majani yake yamekaa mawili mawili, yakitazamana.

Nikamwita mtoto achukue shina moja alizungushe kati ya vidole. "Linakwaruza," akasema, "lina pembe." Lilikuwa na pembe nne. Nikamwambia avunje jani alinuse. Akacheka: "Mama, hii ni kama lumba-lumba!" Ni kweli. Shina la pembe nne, majani yanayotazamana na harufu kali ni alama za jamaa ya lumba-lumba, na nyingi katika jamaa hiyo zinakaa nchi kavu. Ni mboga nzuri ya harufu, au dawa ya kifua, lakini chini ya maji inaoza. Kama zingetiwa katika akwariamu, zingeota siku chache kwa kutumia chakula kilichomo ndani ya mbegu, halafu zingekufa zote pamoja. Kitu kinachooza kinakula hewa iliyomo majini, na samaki sita wangeonekana asubuhi wakihema juu ya maji, kama hawajafa tayari.

Kwa hiyo, mama ukipewa mbegu za namna hiyo, usizitie moja kwa moja kwa samaki. Fanya jaribio la glasi na kopo, subiri majuma mawili au matatu. Angalia pia majani ya kwanza. Mmea unaotoka na jani moja jembamba kama la mpunga ni wa jamaa nyingine kabisa na ule unaotoka na majani mawili kama la haragi. Na kama pakiti inasema ni mbegu za feni ya maji, jua umedanganywa. Mimea ya namna ya misili haina mbegu kabisa. Inazaa kwa vumbi la rangi ya kahawa linalokaa chini ya majani yake.

Sasa majani ya mtoni. Hapa nina habari ya kuwafurahisha. Mimea ambayo watu wa Ulaya na Marekani wananunua kwa bei kubwa kwa ajili ya akwariamu zao, mingine ni ya kwetu. Kuna mmoja unaoitwa Anubias, jamaa ya malanga. Unakaa katika vijito vya msituni penye kivuli, majani yake ni magumu na ya kijani kizito, na shina lake linatambaa juu ya jiwe au gogo. Mmoja wa aina hiyo, Anubias gilletii, ulipewa jina la Frère Justin Gillet, Myezuiti aliyeanzisha bustani ya mimea ya Kisantu. Kuna feni inayoitwa Bolbitis, ambayo inashika mawe mahali ambapo maji yanakimbia. Hata samaki wanaowekwa pamoja na mimea hiyo, wale wenye mgongo unaong'aa rangi nyingi, walitoka katika mto wetu Kongo. Mtoto wa Masako anayechungulia kijito anaona kitu ambacho mtoto wa London anakiona kwa kulipa.

Mimea ya namna hii miwili haitaki mbegu. Kipande cha shina chenye urefu wa kidole na majani matatu au manne kinatosha. Usikizike mchangani, kitaoza. Kifunge kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti mgumu, na baada ya majuma kadhaa mizizi itashika yenyewe. Haitaki jua kali, kwa hiyo inafaa ndani ya nyumba zetu. Lakini Anubias, kama malanga mabichi, inawasha mdomo, basi watoto wadogo wasiitafune.

Katika maji yaliyotulia utapata ule mmea usio na mizizi, wenye majani membamba kama brashi ya kuoshea chupa. Unaelea tu, na ukikatika, kila kipande kinakuwa mmea. Huo ndio mwepesi kuliko yote kwa mtoto anayeanza. Yungiyungi ni maua mazuri lakini majani yake yanataka nafasi, afadhali uyaache bwawani. Na ile kabichi ya maji inayoelea kama ua la kijani, sikushauri uiweke nyumbani. Kuna mbu ambao watoto wao hawapandi juu kuvuta hewa kama wengine. Wanajishika katika mizizi ya kabichi hiyo na kuvuta hewa humo, na samaki hawawaoni kwa urahisi.

Wengine wataniuliza, majani ni ya nini kama samaki wanaishi bila hayo? Sisi hatuna mashine ya kupuliza hewa, na hata aliye nayo, umeme unakuja na kwenda. Mchana majani yanatia hewa majini, na yanakula uchafu wa samaki. Ila usiku na yenyewe yanavuta hewa, kwa hiyo usijaze. Majani kidogo na samaki wachache: ndoo mbili za maji zinatosha samaki watano au sita wadogo, si ishirini. Kama unatumia maji ya robine, yaache wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatia.

Sasa jambo la pili, lile la uchungu.

Kijana wangu wa pili, alipokuwa na miaka 9, alikuwa mtoto wa majini. Kila siku alitoka kijitoni na kitu: konokono, majani, kaa mdogo. Nilifurahi kwamba hazururi mjini. Halafu akaanza kulalamika tumbo. Nikasema ni minyoo, nikamnunulia dawa ya minyoo. Ikapita miezi miwili, nikanunua tena. Alikuwa anakonda na kusinzia shuleni, na mimi nilikuwa namgombeza kwa uvivu. Siku moja dada yake akaja mbio: "Mama, kwenye choo chake kuna damu." Alikuwa amenificha kwa sababu aliogopa nitamkataza mto. Kwenye kituo cha afya walipima choo chake, wakasema ni bilariziozi, yaani kichocho cha tumbo. Alipona kwa dawa inayoitwa prazikwanteli. Lakini ile miezi ambayo nilimwita mvivu, mimi sijaisahau.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Madaktari wa hospitali ya Yakusu, hapo chini ya mji kwenye mto Kongo, waliuandika zamani. Daktari Chesterman aliuandika mwaka 1923, na mwaka 1934 Daktari Fisher alieleza kwamba kichocho cha tumbo cha upande wetu kina aina yake ya pekee, tofauti na kile cha Misri. Basi dunia nzima ilikijifunza kutoka kwa wagonjwa wa hapa.

Njia yake ni hii. Mtu mwenye ugonjwa anajisaidia karibu na maji. Mayai yanapasuka majini, na mdudu mdogo anaingia katika konokono wa maji. Humo anazaa wengi, wanatoka na kuogelea, na wakikuta ngozi ya mtu wanapenya. Hawahitaji kidonda, na huoni kitu. Konokono hao wanapenda wapi? Wanapenda hasa maji yaliyotulia yenye majani, yaani pale pale mtoto anapotaka kuchuma majani ya akwariamu. Tena mayai ya konokono yanakaa chini ya majani, kama tone la ute lenye nukta ndani.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la pili la yule mama ni hili: mtoto asiingie majini. Aende na mtu mkubwa, wasimame pwani juu ya nchi kavu au kwenye gogo, na wavute majani kwa fimbo yenye ndoano. Mkubwa avae bote na glavu za plastiki. Wachague mahali ambapo maji yanatembea, mbali na pale watu wanapooga na kujisaidia. Konokono asiletwe nyumbani hata kama ni mzuri.

Majani yakifika, usiyatie kwa samaki siku hiyo. Yasafishe kwa maji mengi, moja moja, ugeuze kila jani na kukwangua ute wote. Halafu yaweke katika beseni peke yake majuma matatu, ukibadilisha maji kila siku mbili, na maji hayo uyamwage kwenye udongo mkavu. Ukiona konokono ametokea, mtoe kwa kijiko, mponde na kumzika. Wale wadudu wanaoogelea hawaishi zaidi ya siku mbili wakikosa mtu, lakini konokono mgonjwa akiwemo beseni lako, anatoa wengine kila siku. Ndiyo sababu nasema konokono kwanza.

Na mama ukiona mtoto wako anaumwa tumbo muda mrefu, anakonda, au choo kina damu, usifanye kama mimi. Nenda akapimwe, umwambie muuguzi kwamba mtoto anacheza majini.

Jambo la tatu ni la sisi wote, hasa sisi wenye bwawa la samaki.

Siku yule mtoto alipoona mbegu zake zimeoza, alibeba glasi akataka kuimwaga katika mfereji nyuma ya nyumba. Nikamshika mkono. Kama hukuijua mbegu ulipoitia, huijui hata unapoitupa. Mfereji unaingia kijito, kijito kinaingia Tshopo, Tshopo inaingia Lindi, na Lindi inaingia Kongo.

Wazee wetu wanakumbuka Kongo ya Sika, ile yenye maua ya zambarau na mashina yaliyovimba kama mapovu. Haikuwepo. Kwao ni Amerika ya Kusini, na watu waliipeleka nchi nyingi kwa sababu ya maua yake mazuri, waiweke katika mabwawa ya bustani. Katika miaka ya 1950 ilienea katika mto Kongo kutoka Léopoldville hadi hapa, wakati mji wetu ulikuwa Stanleyville, safari ya kilomita 1,700 hivi. Serikali ya wakoloni ilitumia fedha nyingi kuinyunyizia sumu, na haikwisha. Leo bado tunaiona ikielea, na wavuvi wanajua inavyofunga nyavu na njia za mitumbwi. Mmea mmoja unatoa mtoto pembeni, na mtoto anatoa mwingine, mpaka maji hayaonekani. Mbegu zake zinaweza kulala katika matope miaka 15 na zaidi, halafu zikaamka.

Nayasema haya kwa sababu mwaka juzi mtu fulani wa kikundi chetu alileta mche mmoja kutoka pwani ya mto, akautia katika bwawa letu ili upendeze. Hakuwa na nia mbaya. Miezi michache baadaye nusu ya bwawa ilikuwa imefunikwa. Chini ya majani yale hakuna mwanga wala hewa, na alfajiri moja tukakuta tilapia wakielea tumbo juu. Ngolo walibaki, maana wao wanaweza kuvuta hewa ya juu. Tulitumia siku nne kuvuta majani kwa mikono na kuyachoma. Na mpaka leo, kila mwezi tunapita ukingoni kung'oa vichipukizi. Tusimtafute aliyefanya. Tujifunze tu kutorudia.

Basi majani na mbegu za akwariamu zisitupwe majini kamwe. Zianike juani juu ya bati mpaka zikauke kabisa, halafu zichome. Maji ya akwariamu yanafaa sana kwa lenga-lenga, yamwage kwenye bustani iliyo mbali na mfereji.

Bado moja. Msitu wa Masako ulio jirani yetu, zile hektari 2,105 ambazo mto Tshopo unazizunguka, ni hifadhi tangu mwaka 1953. Watu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanafanya utafiti humo miaka mingi. Tusiwatume watoto kung'oa kitu humo bila ruhusa. Chukueni kwenye vijito vya mashamba yenu, na hata huko chukueni kipande tu, mwache mama-mmea. Anubias inakua polepole sana, na ukiing'oa yote pale kwenye jiwe, mwakani hutakuta kitu.

Na ukiwa na mmea usioujua, usibahatishe jina. Ukaushe kati ya karatasi za gazeti chini ya kitu kizito, pamoja na ua au tunda lake kama lipo, uandike siku na mahali ulipoutoa. Katika Chuo Kikuu cha Kisangani na kule Yangambi kuna nyumba ambazo mimea mikavu imetunzwa kwa maelfu, kila mmoja na jina lake. Wale wanaofanya kazi hizo wanasoma jani kama sisi tunavyosoma barua.

Yule mtoto sasa ana kipande cha Anubias juu ya jiwe, kimekaa beseni juma la pili. Konokono wawili walitoka, akawatoa mwenyewe kwa kijiko na kunionyesha. Amebakiza juma moja, na anahesabu siku kwa mkaa ukutani. Zile mbegu za kopo zimefika goti, na mama yake amenambia wanazitia katika supu.

Mkutano ujao, mwenye mbegu au jani lisilojulikana alilete likiwa limefungwa vizuri katika mfuko. Tutalitazama pamoja. Mungu awalinde na nyumba zenu.